Nilivyoanza kupima mkojo wa wagonjwa wangu wa presha

Nimekuwa nesi hapa Newala miaka 9 kabla sijamuuliza mgonjwa wa presha mkojo wake umepimwa lini. Mzee niliyemuuliza alishangaa. "Mwanangu, mimi naumwa presha, mkojo wa nini tena?"

Alikuwa haachi kliniki. Kila mwezi anapimwa, anapewa amlodipini, anarudi kwenye mikorosho yake. Miguu ilipoanza kuvimba tulisema ni dawa tu, kwa sababu kweli amlodipini huvimbisha miguu. Siku ile nikaazima stripu moja, kile kijikaratasi cha kupimia mkojo, chumba cha wajawazito. Kile kiraka cha protini kinatakiwa kibaki njano. Chake kiligeuka kijani mbele ya macho yangu: protini ilikuwa inavuja kwenye mkojo, dalili kwamba figo zinaumia. Hospitali ya wilaya wakampima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi: figo zilikuwa zimeshachoka. Iliniuma sana, maana figo haimwumi mtu mapema, na sisi tulikuwa naye kila mwezi.

Nikamwomba mganga mfawidhi tutenge stripu za watu wa presha. Mwanzoni alikataa, kina mama wangekosa. Tukakubaliana: kila mgonjwa apimwe anapoanza dawa, kisha mara moja kwa mwaka, nami naandika tarehe kwa kalamu nyekundu juu ya kadi.

Upimaji wenyewe wa presha nao tulikuwa tunaukosea. Mtu ametembea juani, hajapumua, tunamfunga mkanda juu ya shati huku tunamuuliza habari za nyumbani. Sasa anakaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono bila nguo juu ya meza usawa wa moyo. Wapo tuliokuwa karibu kuwaongezea dawa, kumbe walihitaji kupumzika tu.

Kazi kubwa ilikuwa vidonge vya maumivu. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho wanaume wanabeba mashine mgongoni kutwa nzima, jioni wananunua diklofenaki dukani. Vidonge hivyo hupunguza damu inayofika kwenye figo na kupandisha presha, lakini ukimuuliza mtu "unatumia dawa gani?" havitaji, kwake hiyo siyo dawa. Siku hizi nasema: njoo na kila kidonge kilichopo nyumbani. Mama mmoja alifungua fundo la kanga, vikamwagika mezani zaidi ya 20, havina hata pakiti. Alikuwa anameza viwili kila siku kwa ajili ya goti, mwaka wa pili huo. Nilimshika mkono, tukavihesabu pamoja, akaniachia vyote. Goti tulimpa parasetamoli.

Chumvi bado inatushinda, hasa kwa wapenzi wa ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Na korosho zikianza kudondoka kliniki inakuwa tupu, kwa hiyo waliotulia presha tunawapa dawa za miezi 2 mapema, kama zipo.

Yule mzee daktari alimwongezea losatani, ambayo hupunguza protini kuvuja, na presha yake sasa iko chini ya 140/90. Wiki iliyopita amekuja na kikopo chake mkononi. Mkewe yuko nyuma yake, naye ameshika cha kwake.