Siku yangu na darubini ya jua, Chamwino

Nikitaja kazi yangu, kuwaonyesha watoto wa shule jua kwa darubini, watu huuliza kwanza kama bado naona. Naona vizuri tu, asanteni.

Saa kumi na mbili asubuhi chai na chapati, darubini mgongoni, bodaboda. Saa mbili nimeshafunga stendi uwanjani mwa shule na vumbi la Agosti limeshaingia hadi menoni. Napuliza vumbi kwanza, ndipo niguse kichujio, maana hicho ndicho chenye bei. Ndani kuna vioo viwili bapa vinavyotazamana. Mwanga hudundadunda katikati yake, na mwisho unaopenya ni ule mwekundu wa haidrojeni tu, nanomita 656.28. Bila hicho ni upofu, nawaambia watoto kila baada ya dakika mbili.

Saa tatu foleni. "Madam, sioni!" Fumba jicho moja. "Madam, naona kope zangu!" Sogea nyuma.

Kwenye saa tano akaja babu wa mmoja wao, na fimbo.

"Mbukwa babu, shikamoo."

"Marahaba. Hiyo picha umeibandika wapi?"

Nikasema si picha. Akagonga bomba kwa fimbo, ko! Roho ikanitoka. Halafu akakaa kwenye kiti changu, foleni nzima ikasimama juani. Nikampa azungushe mwenyewe kile kifuniko kinachobana hewa ndani ya kichujio, ili rangi inayopita isogee kidogo. Kwenye uso wa jua kulikuwa na uzi mweusi, gesi iliyoning'inia juu yake; ukafifia upande mmoja, upande wa pili ukabaki. Nikamweleza: gesi inayotujia, rangi yake huvutwa kuelekea bluu, inayotukimbia huzidi wekundu.

"Kumbe inatembea. Nani anaishika isianguke?"

"Sumaku ya jua, babu."

"Nionyeshe."

Jua kali, koo limekauka, nami namsimulia George Ellery Hale, mwanaastronomia wa kituo cha Mount Wilson, Marekani, aliyeona mwaka 1908 kwamba kwenye madoa ya jua mstari mmoja wa rangi hugawanyika, na kinachougawa ni sumaku.

"Na hiki chako kinapima?"

"Hakipimi, babu. Kinaonyesha tu nyuzi zinavyoifuata."

"Basi binti, umekuja na nusu ya kifaa."

Watoto walicheka mpaka wakavuruga foleni. Sikuwa na jibu. Vya kupima vipo, ila havibebeki kwa bodaboda.

Mchana sikumbuki vizuri. Joto, taswira kutikisika kama maji, walimu kutaka picha za simu. Nimefika nyumbani kiza kimeingia, nikafuta bomba kwa kitambaa. Alama ya fimbo haifutiki.