Kabla mawaziri hawajakaa mezani

Mataifa mawili yakikutana kujadili nakisi ya biashara, yaani moja kununua kwa mwenzake zaidi ya linavyomuuzia, jambo la kwanza kuuliza ni hili: tunatumia takwimu za nani? Nchi inayouza kwa kawaida huhesabu thamani ya bidhaa mpaka inapopakiwa melini. Inayonunua huongeza nauli na bima. Shehena moja, thamani mbili. Ikipitia nchi ya tatu, muuzaji anaweza kuiandika kuwa imeishia huko, ilhali mnunuzi anaangalia ilikotengenezwa. Misimbo ya forodha, yaani namba za kutambulisha aina ya bidhaa, nayo inafanana kimataifa hadi tarakimu 6 tu. Baada ya hapo kila nchi ina mpangilio wake. Wajumbe wasiolijua hili hushinda wakituhumiana, na huenda hakuna aliyedanganya.

Kwa hiyo watu wa takwimu na wa forodha watangulie. Watengeneze jedwali moja linaloonyesha kila tofauti na chanzo chake. Si lazima namba zilingane. Inatosha pande zote zijue pengo limetoka wapi.

Utaratibu ninaouheshimu zaidi ni mapitio ya sera za biashara ya Shirika la Biashara Duniani. Tangu 2019, wanachama 4 wenye biashara kubwa zaidi, Umoja wa Ulaya ukihesabiwa kama mmoja, hupitiwa kila miaka 3, 16 wanaofuata kila miaka 5, na waliobaki kila miaka 7. Huandaliwa ripoti mbili, moja ya sekretarieti na nyingine ya serikali inayopitiwa. Maswali hutumwa mapema kwa maandishi. Kikao ni cha siku mbili, na kati yake huachwa siku moja ili ujumbe uwasiliane na wizara nyumbani na kurudi na majibu. Yasiyojibiwa huletwa ndani ya mwezi mmoja. Tena mapitio haya hayakukusudiwa kuwa msingi wa kufungua mashauri ya biashara, na kwangu hapo ndipo penye nguvu yake: afisa asiyeogopa kwamba jibu lake litageuzwa ushahidi hupata ujasiri wa kueleza sera ilivyo.

Mambo huharibika zaidi kwenye tamko la pamoja. Rasimu huzunguka huku maneno yasiyokubaliwa yamefungwa kwenye mabano ya mraba. Usiku wa mwisho kila mtu amechoka na anataka mabano yaondoke, basi kitenzi hulegezwa. "Tutapunguza ushuru" inakuwa "tutajitahidi kupunguza ushuru", kisha "tunatambua umuhimu wa kupunguza ushuru". Mabano yamekwisha, na ahadi imekwisha nayo. Heri kukiacha kifungu hicho nje na kukipangia kikao kingine.

Hata ahadi iliyo wazi huvunjwa. Novemba 2008, viongozi wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, waliahidi mjini Washington kutoweka vizuizi vipya vya biashara kwa miezi 12. Miezi michache baadaye Benki ya Dunia ilikuta nchi 17 za kundi hilo zimeshachukua hatua za kubana biashara. Kilichosaidia ni kwamba kuanzia 2009 mashirika ya kimataifa yalianza kuchapisha ripoti za mara kwa mara kuhusu hatua hizo, kila moja ikitajwa pamoja na nchi iliyoichukua.

Tofauti inaonekana kwenye makubaliano yaliyofikiwa katika hoteli ya Plaza, New York, Septemba 1985, ambapo Marekani, Japani, Ujerumani Magharibi, Ufaransa na Uingereza zilikubaliana kuishusha dola. Tangazo lao liliorodhesha sera ambazo kila serikali ilikusudia kuzifuata, nchi kwa nchi, hivyo kila mmoja aliweza kuulizwa la kwake. Dola ilishuka kiasi kwamba Februari 1987, huko Paris, ilibidi wakubaliane kuizuia isiendelee kuporomoka.

Ahadi ikishapitishwa, iandikiwe wizara inayohusika, tarehe na kipimo. Kama inagusa mapato ya serikali, wizara ya fedha iwe imeridhia kabla ya waziri wa biashara kutia saini, maana ikishtukizwa itaikwamisha kimyakimya kwenye bajeti. Jedwali la ahadi hizo liwe ajenda ya kwanza ya kikao kinachofuata, kabla ya hotuba yoyote.