Jinsi nilivyobadilisha soketi iliyolegea bila kuona

Soketi ilikuwa inakata umeme kila plagi ikiguswa, na plastiki yake inapata joto. Sioni, kwa hiyo rangi za nyaya hazinisaidii kitu.

Kasheshe ilikuwa kuhakikisha umeme umezimwa. Wengi hushauri uchomeke redio, ikinyamaza, endelea. Kwa soketi mbovu huo ni mtego, maana redio inaweza kunyamaza kwa ubovu wenyewe. Nilitumia mita inayotamka vipimo. Niliijaribu kwanza kwenye soketi nzima ya laini nyingine, nikazima swichi ya laini yenye ubovu, nikalegeza kifuniko bila kugusa ndani, kisha nikapima kwenye skrubu: laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), laivu na ethi (wa usalama, unaoelekea ardhini), nyutro na ethi. Sifuri kote. Nikarudi kwenye ile nzima kuhakikisha mita yenyewe haijafa.

Kabla ya kuchomoa chochote nilivisha laivu rababendi moja, nyutro mbili, ethi nikaiacha wazi. Alama L, N na E zimechorwa kwenye plastiki, ukucha unazisoma.

Skrubu ya laivu ilizunguka kwa ncha ya kidole tu. Waya wake ulikuwa umekauka, ganda likipukutika kama ukoko. Nikakata hadi penye ganda laini, nikamenya upya, nikahamishia soketi mpya waya mmoja mmoja, na kila mmoja nikauvuta kwa nguvu baada ya kukaza. Joto limekwisha, redio haikatiki.