Chanja ya dagaa na kipe cha mzee

Mwaka 2019 nilikuwa Kibirizi nauza dagaa na mama mdogo, Kigoma hapahapa mwisho wa reli, ila kichwani kwangu ni kuchora tu. Daftari la hesabu ukiligeuza nyuma lote ni mitumbwi na samaki wa migebuka. Muda sasa ndo hamna. Dagaa wa kuanika mchangani ni kama mtoto mchanga, huwezi kumpa mgongo, umemwaga asubuhi inabidi ugeuze, ufukuze kuku, ugeuze tena, jioni uzoe halafu ukae upepete mchanga mpaka kiuno kife ganzi, na bado wateja wa Dar wanapiga simu eti wanatafuna mawe.

Wenzetu wenye chanja tulikuwa tunawaona wana maringo. Siku moja nikakaa nikapiga hesabu, sio ya hela, ya masaa. Chanja ni miti na wavu basi, hewa inapita juu na chini, dagaa anakauka upesi na mchanga haumgusi, kupepeta kwisha. Nikambembeleza mama mdogo mpaka akatoa hela tukajenga. Simu nazo nikazipunguza, bei ya leo naweka status asubuhi, maswali najibu mchana yote kwa mkupuo. Kuna mteja alinuna, akanuna mpaka akazoea.

Ikaingia mbalamwezi. Huku dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, kwa hiyo vipe, zile boti za kuvulia dagaa, vinapumzika kama wiki hivi, vinavutwa nchi kavu vizibwe na kupakwa rangi. Miaka yote mbalamwezi inanikuta napepeta mabaki. Safari hii magunia yalishafungwa yakaondoka, nikawa nazurura ufukweni mikono mitupu, raha yake we acha tu.

Nikamkuta mzee mmoja analalamika fundi wake wa maandishi kaenda Ujiji hajarudi.

"Shikamoo mzee. Niandike mimi?"

"Marahaba. We si wa dagaa?"

"Ndo mimi."

Akaniangalia mikono ilivyojaa magamba. "Haya. Ukiharibu, rangi ya kurudia unanunua wewe."

Jina alilotaka ni SUBIRA NJEMA. Sasa ubavu wa kipe sio karatasi, ubao umepinda, unapanda kwenda mbele, ukiandika hivihivi herufi za mwisho zinakuwa kama zinaanguka. Nikapaka kamba mkaa, kijana mmoja akashika huku mimi kule, tukaivuta tukaiachia ikapiga mstari, nikachora kwanza kwa chaki ndo nikaingia na brashi. Herufi za mbele nikazirefusha kidogo ili ukisimama majini zionekane sawa na zingine. Hakuna aliyenifundisha hiyo, nilikuwa nasimama mbali, naangalia, narudi, nafuta. Mchana wote sikusikia njaa. Nikamalizia na mgebuka mweupe pale mbele, hakuniomba ila nafasi ilikuwepo.

Mama mdogo akaja ananitafuta, mdomo tayari ameuandaa.

"We mtoto, dagaa wakipata funza nitakulisha hizo rangi!"

"Mama mdogo dagaa gani, ni mbalamwezi."

Akanyamaza. Akamtazama yule mgebuka, akasema kanona. Halafu akanivuta pembeni, sauti ya chini mzee asisikie: "Pale bandani niandikie DAGAA SAFI WA CHANJA. Na hiyo rangi itakayobaki usimrudishie."