Jino la Nne

Siku mbili za Miami sina la kusimulia, ila bei ya maegesho iliniuma. Siku ya tatu nilielekea kusini, hadi Flamingo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Everglades. Kutoka lango kuu ni kama kilomita 60, nyasi na maji pande zote. Kiyoyozi cha gari la kukodi kilizimika njiani. Nilishuka gatini nimelowa jasho, mbu wakanivamia.

Yote hayo niliyasahau nilipomwona mamba. Alilala kwenye mteremko wa zege wanaposhushia boti, rangi ya kijivu, kinywa wazi, hatikisiki. Nilisimama mbali, lakini ulimi nikauona vizuri, umeshikamana na sakafu ya kinywa.

Kando yangu baba mmoja alimwambia mwanawe, "Amekasirika huyo. Akikufukuza, kimbia kwa kupindapinda."

Mhudumu wa boti akamsikia. "Hapana, bwana, anapoza mwili tu. Na ukilazimika kukimbia, nyoosha moja kwa moja uyaache maji. Nchi kavu huchoka upesi."

Kisha akatuonyesha upande wa pili wa mfereji. Kichwa cheusi kilielea, pua pana iliyoviringana. "Yule ni aligeta. Huyu wa hapa ni mamba."

Nilishtuka. Maisha yangu yote niliamini aligeta ni jina la Kizungu la mamba yuleyule, na Kiswahili chetu kimechangia, maana kila mwenye mkia wa namna hiyo tunamwita mamba. Kumbe aligeta wako wa aina mbili tu duniani, mmoja Marekani, mwingine China kwenye bonde la Yangtze. Afrika hakuna hata mmoja. Wa Rufiji na wa Turkana ni mamba kamili.

Porini, kusini mwa Florida ndiko pekee wawili hawa huishi pamoja. Aligeta hupenda maji baridi yasiyo na chumvi yanayoshuka kutoka kaskazini. Mamba hustahimili maji ya bahari, kwa kuwa juu ya ulimi ule nilioutazama kuna tezi zinazotoa chumvi mwilini. Ila hawezi ubaridi wa hewa kama mwenzake: Januari 2010 baridi kali iliua mamba wengi wa Florida.

Nilimuuliza mhudumu kuhusu machozi ya mamba, tunayoyataja kila mtu akilia kwa unafiki. Alisema machozi yapo kweli, yanalainisha jicho. Huzuni haimo, na hila haimo. Nilimwonea huruma mnyama huyu tuliyemsingizia miaka yote.

"Ngoja afunge kinywa," akaniambia, "utazame jino la nne la chini. La aligeta hufichika."

Nilingoja karibu saa nzima, mbu wakinila. Hatimaye taya zikakutana taratibu, na jino likabaki nje, jeupe, limesimama kando ya pua nyembamba. Akateleza majini bila mlio.