Mguu wa magharibi

Juzi binti yangu kachukua kikaratasi cha dawa za mama yake mdogo, akakisoma kwa sauti. "Mama, hii si dawa ya wazee wanaotetemeka?" Nikamjibu ndiyo, ni levodopa hiyo hiyo. Akaenda zake kucheza. Mimi nilishafika Wete, nyumba ya zamani.

Mdogo wangu alikuwa akiamka mzima. Asubuhi anateka maji, anakwenda skuli, anatandaza karafuu kwenye majamvi. Ikiingia alasiri mguu wa kushoto unaanza kupinda kwa ndani, na jua likituwa hata kusimama hawezi. Kwa kuwa ni magharibi, watu hawakuhitaji kuambiwa: shetani huyo. Akanyweshwa kombe, akafukizwa. Hospitali moja ikatwambia ubongo uliumia wakati wa kuzaliwa, basi. Wengine wakasema anadeka tu, kwani asubuhi si mmemuona? Hilo ndilo lililomliza.

Daktari mmoja wa Dar es Salaam akamuuliza mama jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: "Akilala mchana, akiamka anakuwaje?" Mama akasema huwa afadhali. Akatuandikia robo ya kidonge.

Siku chache baada ya kurudi, adhana ya magharibi inaendelea, mama akaniita nikambebe akatawadhe kama kawaida. Kitandani hayupo. Alikuwa anatoka uani, keshatawadha, mkono mmoja ukutani. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye saruji. Siku zote nyayo zake za maji zilikuwa vidole na ubavu wa mguu, basi. Jioni ile kulikuwa na vidole, unyayo, na kisigino. Kisigino kizima, cha duara! Mama aliinama akakigusa, akakaa pale pale chini mpaka sala ikawa karibu kumpita.

Mengine niliyajua baadaye. Unaitwa ugonjwa wa Segawa, kwa jina la Masaya Segawa, daktari wa Japani aliyeueleza miaka ya 1970. Hitilafu iko kwenye jeni ya GCH1, iliyojulikana mwaka 1994: kimeng'enya kinapungua, na ubongo hautengenezi dopamini ya kutosha, kemikali inayouwezesha kuongoza mwendo wa mwili. Kinachopatikana kwa usingizi wa usiku, mchana unakimaliza. Ubongo wenyewe haujafa, ndiyo maana dawa kidogo inamsimamisha mtu. Mzazi mmoja anatosha kuurithisha, na yeye asioneshe dalili yoyote. Bibi mzaa mama alikuwa akichechemea jioni. Tukisema uchovu wa shamba. Keshafariki, hatutajua. Huenda na mimi ninayo hitilafu hiyo, nami nina binti.

Nikimuona mtoto mwenye miguu iliyopinda, humuuliza mama yake: asubuhi na jioni yuko sawasawa? Wengi wana maradhi mengine kabisa. Mama mmoja wa Konde alinifuata mpaka kituo cha gari akitaka nimwambie zaidi, na mwanawe yuko vile vile kutwa nzima, sikuwa na la kumpa. Siku hizi nasita kuuliza. Kunyamaza nako sijaweza.