Siku moja maishani mwangu: kizibuo mfukoni

Saa 3:00 asubuhi

Watu wakisikia kazi yangu ni mvinyo, wanadhani naamka na kichwa kinachogonga. Wapi! Mlevi haiwezi kazi hii hata wiki moja. Mimi ni mhudumu wa mvinyo katika mgahawa unaofunguliwa jioni, bado kijana, mpenda kula tangu utotoni, na siku yangu nzima ni kunusa, kuonja na kutema. Asubuhi napiga mswaki mapema makusudi, kwa sababu dawa ya meno yenye mnanaa hukaa mdomoni na kuufanya hata mvinyo mzuri uonje vibaya. Marashi sijipaki. Mafuta ya mwili ni yale yasiyonukia. Chai naiacha ipoe kidogo, maana ulimi ukiungua leo hakuna kazi leo.

Saa 5:00 asubuhi

Stoo kwanza. Humo joto ni nyuzi 13, taa ni hafifu, na chupa zenye vizibo vya gome zimelazwa ubavu ili kizibo kisikauke kikaanza kupitisha hewa. Zenye kifuniko cha kuzungusha nazisimamisha tu. Kuna wateja wanaokunja uso wakiona kifuniko hicho, eti ni dalili ya mvinyo duni. Wangeenda kuwauliza watu wa Nyuzilandi, ambao sehemu kubwa ya mvinyo wao, hata ule wa kifahari, hufungwa hivyohivyo.

Kizibo cha gome nacho nakiheshimu. Hutoka kwenye aina ya mwaloni unaostawi Ureno na nchi za jirani. Mti huvuliwa gome mara ya kwanza ukiwa na umri wa miaka 25 hivi, halafu kila baada ya miaka 9, na gome linalofaa kuzibia chupa hupatikana kwenye uvunaji wa tatu. Kwa hiyo kile kipande ambacho mteja anakivingirisha mezani huku akisubiri chakula kimetoka kwenye mti uliopita miaka 40.

Kisha napitia chupa zilizofunguliwa jana. Zilizochoka zinakwenda jikoni, mpishi apikie mchuzi. Zenye uhai naonja, naandika, na kidogo kilichobaki namimina kwenye vichupa, natia mkobani. Meneja anajua, na ndiye aliyenishauri nifanye hivyo.

Saa 7:00 mchana

Hapa ndipo shule yangu ilipo. Jirani na kazini kuna mgahawa mdogo wa mtaani, benchi refu, meza chache, na mama mmoja anayekaanga samaki mbele ya macho yako. Menyu hakuna. Ukifika unaambiwa kilichopo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umenijia na chupa gani?"

Nimekuja na mbili: Cabernet Sauvignon, mwekundu mzito wenye kilevi cha asilimia 14.5, na Riesling, mweupe wa Mosel, Ujerumani, wenye asilimia 8 tu na sukari kidogo iliyobaki bila kuchachuka. Mezani kuna samaki aliyetoka kwenye mafuta sasa hivi, ngozi bado inatoa sauti, chumvi imemwagwa kwa mkono usio na uchoyo, kipande cha ndimu, na pilipili iliyotwangwa.

Naanza na Cabernet kwa sababu ndiyo ambayo watu wangeagiza. Funda la kwanza baada ya samaki, shombo linapanda puani. Samaki alikuwa mbichi kabisa alipoingia kikaangoni. Kinachofanya hivyo ni madini ya chuma yaliyomo ndani ya mvinyo mwekundu, ambayo yakikutana na mafuta ya samaki huamsha harufu ambayo haikuwepo. Naongeza pilipili, nakunywa tena, na sasa mdomo wote unawaka, maana kilevi kikali huuchochea moto wa pilipili. Ule ukakasi wa Cabernet nao unabana ufizi. Mvinyo umeonekana mbaya, samaki ameonekana mbaya, na vyote viwili havina hatia.

Nabadilisha chupa. Riesling ina uchachu mwingi unaokata mafuta kama ndimu inavyokata, sukari yake inaipoza pilipili, na kilevi kidogo hakiongezi moto. Samaki anarudi kuwa samaki. Nakula hadi miiba inabaki peke yake kwenye sahani.

Mama naye anataka kuonja ule mwekundu. Anakunja uso. "Mbona huu unanikausha ulimi?"

Namwambia ameze kwanza kipande cha nyama ya kuchoma, kile chenye mafuta pembeni, akichovye kwenye chumvi, halafu anywe tena. Anatafuna polepole, anakunywa, ananitazama. "Ee! Umelegea."

Umelegea kweli. Ukakasi hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, wakati mwingine na kwenye mapipa ya mwaloni. Kazi yake mdomoni ni kuzishika protini za mate, ndiyo maana ulimi unakauka. Ukiupa nyama, unazo protini nyingine za kushika. Chumvi nayo hupunguza uchungu. Mama huyu hajawahi kusoma kitabu cha mvinyo, lakini ulimi wake ni mkali kuliko wa wateja wengi ninaowahudumia wakiwa wamevaa tai.

Ile kanuni ya samaki na mweupe, nyama na mwekundu, naiona ya kivivu. Mimi natazama kwanza amepikwaje na amepakwa nini. Samaki wa mchuzi mzito wa nyanya anaweza kukaa vizuri na mwekundu mwepesi uliopoozwa. Kuku wa pilipili nyingi atakushinda kwa chupa yoyote yenye kilevi kikali. Mchuzi ndio unaochagua.

Saa 9:00 alasiri

Wauzaji wanakuja na sampuli. Nina sharti moja: chupa zote zifungwe karatasi kabla sijaingia chumbani. Baadhi yao hawapendi, kwa sababu wanachouza zaidi ni hadithi ya kilima, ya babu aliyepanda mizabibu, ya ngome iliyo kwenye lebo.

Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio ambalo nalikumbuka kila nikikaa kwenye meza hii. Waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wale wakauelezea kwa maneno ya mwekundu. Hao ni watu waliokuwa wanasomea kazi hiyo! Na kule Paris, tarehe 24 Mei 1976, majaji Wafaransa walionja bila kuona lebo na kuzipa nafasi ya kwanza chupa za California, Chateau Montelena kwa mweupe na Stag's Leap Wine Cellars kwa mwekundu, mbele ya majina makubwa ya nchi yao wenyewe. Macho yanaonja kabla ya ulimi.

Naonja kwa mpangilio wanaoufundisha WSET, taasisi ya mafunzo ya mvinyo ya London iliyoanza mwaka 1969: rangi, harufu, utamu, uchachu, ukakasi, kilevi, uzito, na ladha inakaa muda gani baada ya kutema. Ndoo iko miguuni. Leo kati ya vyote nimechagua mweupe mmoja tu, na karatasi ilipofunguliwa ulikuwa wa eneo nisilowahi kulitilia maanani.

Saa 11:00 jioni

Chakula cha wafanyakazi, na habari mbaya. Mpishi mkuu amebadilisha sahani ya uyoga, ameongeza sosi ya soya. Tamu sana, sikatai. Ila ile ladha nzito ya uyoga na soya, ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908, hufanya mvinyo wenye ukakasi uonekane mchungu zaidi. Nimemwomba aongeze ndimu na chumvi kidogo. Amesema jiko ni lake. Dakika kumi baadaye nimeona ndimu zinakatwa.

Saa 1:30 usiku

Meza zinajaa. Kazi yangu ya kwanza kila usiku ni kupigana na joto. Msemo wa kunywa mwekundu kwa "joto la chumba" ulitokana na vyumba vya Ulaya vya zamani, vya mawe, vyenye baridi. Mwekundu mzito unapendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ukipanda zaidi unachosikia ni kilevi tu. Nikitumbukiza chupa nyekundu kwenye ndoo ya barafu kwa dakika kumi, kuna mteja atakayenitazama kama nimetukana familia yake. Namwachia glasi iongee.

Mvinyo wa mapovu naufungua pembeni ya meza, taratibu. Ndani ya chupa kuna shinikizo la takribani mara 6 ya hewa ya kawaida, kwa hiyo kizibo hakitoki chini ya kiganja changu hata sekunde moja. Nazungusha chupa, si kizibo. Mlio unapaswa kuwa mdogo. Wanaopenda kurusha vizibo hewani wakafanyie kwao, mbali na macho ya watoto.

Saa 2:45 usiku

Meza ya pembeni, mzee mmoja na mke wake. Nilipofika na orodha, mzee alitafuta kwa macho mwanamume wa kumwuliza. Hilo nimelizoea, nasimama tu hadi macho yarudi. Akaagiza samaki wa mchuzi wa pilipili, na Cabernet, "ile nzito kabisa."

"Sawa, mzee. Ila naomba uonje na hii kwanza. Usipoipenda, nakuletea yako papo hapo."

Akaonja Riesling kabla ya chakula, akacheka. "Binti, mvinyo mtamu ni wa wanaoanza."

Ningeweza kumwambia kwamba mwaka 1855, walipopanga madaraja ya mvinyo wa Bordeaux, Château d'Yquem, mvinyo mtamu, ulipewa daraja la peke yake. Nikanyamaza. Samaki akafika. Akala, akashika glasi ya maji, mkewe akamsogezea ile nyingine. Akanywa. Akala tena. Sikumwona akizungumza kwa muda, halafu glasi ikasogezwa ukingoni mwa meza, tupu.

"Ongeza hapo."

Cabernet hakuiulizia tena. Mkewe akaniuliza jina la chupa, akaliandika kwenye simu.

Saa 4:00 usiku

Chupa mbovu. Mteja alikuwa ameshainua glasi nikamwomba aiweke chini, kwa sababu kizibo kilininukia boksi lililoloa maji likaachwa kabatini. Hiyo ni TCA, kemikali inayotokana na ukungu kwenye gome. Nanogramu chache katika lita moja zinatosha kuua harufu yote ya matunda. Haimdhuru mtu, inaudhuru mvinyo tu. Nimeleta chupa nyingine, hiyo mbovu nimeiandikia inarudi kwa msambazaji. Wageni wengi hupata mvinyo wa aina hii, wakanyamaza, wakadhani hawaupendi mvinyo wenyewe. Ukinusa boksi, sema. Ndiyo maana tunakuonjesha kwanza, si sherehe.

Saa 6:00 usiku

Milango imefungwa, glasi zimepanguswa. Kuna nusu chupa ya mvinyo wa mapovu ambayo kesho haitakuwa na mapovu. Mpishi anakaanga mayai kwa siagi, ananiambia kwa dharau kwamba hakuna mvinyo unaoelewana na yai, na ni kweli kwamba ute wa kiini huupaka ulimi na kuzima chupa nyingi. Namwambia ajaribu huu, mapovu na uchachu vinausafisha mdomo. Anajaribu akiwa amesimama, kijiko mkononi. Hakubali, hakatai, anapasua mayai mengine mawili.